Altus: Kipimo cha Mlima na cha Kisima

Utenzi wa Vergilius uitwao Aeneis, ambao mtunzi wake alifariki mwaka 19 KK akiwa bado anaunyoosha, unaanza na mtu aliyekimbia kwao akahangaishwa nchi kavu na baharini. Bahari hiyo, katika mstari wa 3, inaitwa altum. Mistari minne mbele, mshairi anapozitaja kuta za Roma, mji wenyewe unapewa sifa ya alta. Anayejifunza Kilatini akifungua kamusi kutafuta kivumishi hiki, altus, hukuta maelezo mafupi yanayomkwaza: kilichoinuka juu; kilichozama chini. Akiendelea hadi mstari wa 26, anakuta kinyongo cha Juno, mungu wa kike, kimewekwa akiba katika alta mens, yaani ndani kabisa ya nafsi. Kabla ya mistari 30 kwisha, neno moja limeshapita baharini, likapanda ukutani, likaingia moyoni. Mwanafunzi huambiwa akariri kwamba neno lina maana mbili zilizo kinyume na achague inayofaa. Ushauri huo unamvusha mtihani, lakini unamficha jinsi neno linavyofanya kazi. Ninavyoona mimi, altus halina maana mbili zinazopingana. Lina maana moja: umbali mkubwa kati ya kitako cha kitu na kilele chake, ukipimwa wima. Kama umbali huo unautazama kwa kuinua shingo au kwa kuinama, hilo kivumishi hakisemi. Linasemwa na nomino iliyo jirani yake, na mahali aliposimama msemaji. Tena msomaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kulielewa jambo hili kuliko anayepitia Kiingereza au Kijerumani, kwa sababu kivumishi chetu -refu kinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo kila siku, nasi hatushangai.

Dhana ya maana mbili ina historia yake. Mwaka 1884 Mjerumani Karl Abel alichapisha kijitabu alichodai ndani yake kwamba lugha za kale zilibebesha neno moja maana mbili zilizo kinyume, kana kwamba binadamu wa zamani hakuweza kuwaza nguvu bila kuwaza udhaifu papo hapo. Mwaka 1910 Sigmund Freud alikiandikia makala, akakipokea kwa furaha, maana alikuwa ameshashikilia kwamba ndoto hazijui kusema hapana, na sasa alidhani amepata ushahidi kwamba hata lugha zilianza hivyo. Miongoni mwa mifano ya Kilatini aliyoichukua kwa Abel ilikuwamo altus. Tangu hapo neno hili limetembezwa vitabuni kama kielelezo cha neno linalojipinga lenyewe. Aliyejibu vizuri zaidi ni mwanaisimu Émile Benveniste, mwaka 1956. Hoja yake ya kwanza ni nyepesi na siioni namna ya kuikwepa: lugha ikiwa haitenganishi vitu viwili, haiwezi kushtakiwa kwamba imevichanganya. Kinyume kipo katika lugha ya anayetafsiri. Mjerumani ana neno moja la juu na jingine la kina. Anapokutana na altus analigawa vipande viwili vilingane na maneno yake, kisha anashangaa kwamba vipande hivyo havifanani. Hoja yake ya pili ni kwamba Mrumi alipima kila kitu kuanzia chini kwenda juu, kisima kuanzia kwenye kitako chake, mti kuanzia kwenye shina, bila kujali mtazamaji amesimama wapi. Hapo ninakubaliana naye nusu, na sababu zake zitaonekana.

Tuanze na mtu asiyeshukiwa kucheza na maneno. Julius Caesar aliandika habari za vita vyake huko Gallia kwa Kilatini kikavu cha mtu anayehesabu miti, chakula na maili. Anapojenga kambi dhidi ya Wabelgae anasema boma liwe na futi 12 in altitudinem, kutoka altitudo, nomino ya altus, na hapo kila mtu anaelewa kwenda juu. Alipotaka kuvuka mto Rhine mwaka 55 KK alitaja ugumu wa mto huo kwa sifa tatu, upana wake, kasi yake na altitudo yake, na hapo kila mtu anaelewa kwenda chini. Mwaka huo huo alipofika pwani ya Uingereza, askari wake walisita kuruka kutoka merikebuni, na sababu kubwa anayoitaja ni altitudo ya bahari. Watu waliovaa chuma na kushika ngao hawakuwa na muda wa kufikiria fumbo la maana mbili. Walitaka kujua kama miguu itagusa mchanga.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika kitabu cha 7, kwenye mzingiro wa Alesia wa mwaka 52 KK. Caesar anaeleza mashimo ambayo askari walichimba mbele ya ngome yao ili adui ajichome. Kila shimo lilikuwa na futi 3 in altitudinem, karibu sentimita 90 za leo, na lilisinyaa kidogo kidogo kuelekea chini. Ndani yake ulisimamishwa mti wenye unene wa paja, uliochongwa ncha na kukaushwa motoni, ukaachwa uchomoze vidole vinne tu juu ya ardhi. Udongo wa futi moja ulishindiliwa chini ili mti ushike, na sehemu iliyobaki ikafunikwa vijiti na matawi kuficha mtego. Askari waliyaita mashimo hayo mayungiyungi, kwa kufanana kwake na ua hilo. Ukurasa huo huo una mahandaki mawili yenye futi 15 za upana na altitudo hiyo hiyo, na nyuma yake tuta lenye boma la futi 12. Mhandisi wa Kirumi alikuwa na kipimo kimoja mkononi, alikishusha shimoni na kukisimamisha bomani, na neno la kukitaja lilikuwa lile lile. Mafundi wetu hufanya vivyo hivyo. Futikamba ya kuchimbia msingi ndiyo ya kupandishia ukuta, na mwelekeo hutajwa pembeni: futi tatu kwenda chini, futi tisa kwenda juu. Kilatini kiliona hata hicho cha pembeni si lazima, maana nomino ilikuwa imeshasema. Mlima, ukuta na mnara havina pa kwenda ila juu. Kisima, handaki na mto havina pa kwenda ila chini.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa maoni yangu, umechongwa kwenye marumaru. Nguzo ya kaisari Trajanus iliyosimamishwa Roma mwaka 113 BK ingali pale, na shina lake lina futi 100 za Kirumi, yaani karibu mita 30. Maandishi ya kwenye kitako yanasema imewekwa ili kuonyesha mlima na mahali palipoondolewa kwa ajili ya kazi zile kubwa palikuwa na altitudo kiasi gani. Wanaakiolojia wamebishana sana kuhusu udongo huo, ulitoka wapi hasa na ulikuwa mwingi kiasi gani. Kwa suala letu ubishi huo hauna uzito. Linalotuhusu ni kwamba altitudo hapa ni ya kitu ambacho hakipo tena. Ukisimama uwanjani na kutazama kichwa cha nguzo, ni kimo cha kilima kilichokuwapo. Ukijiweka kichwani mwa nguzo, pale ulipokuwa uso wa kilima, na kutazama chini uwanjani, ni kina cha uchimbaji. Mtafsiri wa Kiingereza hapa hulazimika kuchagua, na akichagua amepoteza nusu. Aliyechonga maandishi hakuchagua kitu, kwa sababu hakuwa na la kuchagua. Alikuwa na umbali mmoja uliosimama wima, akauandika.

Sasa tugeukie asili ya neno, ambako Benveniste anaonekana kuwa na haki zaidi yangu. Altus ni umbo la kutendwa la kitenzi alere, yaani kulea, kulisha, kukuza. Maana yake ya asili basi ni aliyelelewa akakua. Ukoo wake ni mpana: alumnus ni mtoto wa kulelewa, na ndiyo maana vyuo vikuu huwaita hivyo wahitimu wao, alma katika alma mater ni mwenye kulea, adultus ni aliyekwisha kukua. Neno la Kijerumani alt, lenye maana ya mzee au -a kale, limetoka kwenye mzizi huo huo wa kale, ila huko kukua kulielekea kwenye umri na Roma kukaelekea kwenye kimo. (Wakatoliki watauliza habari za altare. Warumi wenyewe walilihusisha na altus, lakini wanaisimu wengi wa leo huliona karibu zaidi na adolere, kuchoma sadaka, kwa hiyo ni salama kutolitegemea.) Mtu anaweza kuhoji hivi: kinachokua huenda juu, kwa hiyo maana ya juu ndiyo halisi, na ya kina ni ya kubandikwa baadaye. Hoja hiyo ina kosa la kawaida la kudhani kwamba neno linafungwa na mahali lilipozaliwa. Asili inaeleza kwa nini neno hili lilipata wima na si ulalo. Haiwezi kutuambia kwamba Caesar, alipopima shimo la Alesia, alijiona yuko chini akitazama juu. Aliyechimba futi 3 alianzia kwenye uso wa ardhi akashuka. Ndiyo maana nilisema ninakubaliana na Benveniste nusu: kupima toka chini kunaeleza vizuri neno lilivyoanza, lakini katika matumizi ya Warumi tunaowasoma mwelekeo umekwisha kutoka ndani ya neno.

Hata hivyo, kupima kina toka chini si jambo geni kama linavyosikika, na hapo Benveniste anastahili kutetewa. Anayevuka mto kwa miguu haulizi kuna umbali gani toka uso wa maji hadi mchangani. Anauliza yanafika wapi, na jibu hupanda mwilini kuanzia nyayo: maji ya magoti, maji ya kiuno, maji ya kifua. Tunaposema mambo yamemfika mtu shingoni, tunapima kina kwa namna hiyo hiyo, maji yakipanda na mtu akiwa amesimama chini kabisa. Kwa mtu huyo kina na kimo ni kitu kimoja, na hatari yake ni moja.

Hapa Kiswahili kinaingia kwa haki yake. Idara za maji hutenganisha visima vifupi na visima virefu, na hakuna mwanakijiji anayedhani kwamba kisima kirefu kimesimama kama mnara. Shimo refu, mlima mrefu, mnazi mrefu: kivumishi ni kile kile, na nomino ndiyo inayotuelekeza macho. Mzungu anayekitafsiri anahitaji maneno matatu, moja la kamba, moja la mlima, moja la kisima, na akitaka anaweza kuandika kwamba Waswahili wana neno linalojipinga. Sisi tunajua halijipingi. Linganisho hili lina kithibitisho kizuri katika Biblia ya Kilatini. Kigiriki cha Agano Jipya kina maneno mawili yaliyotengana, moja la kwenda juu na moja la kwenda chini, kama Kiingereza. Tafsiri ya Kilatini iliyokuja kuitwa Vulgata iliyamimina yote kwenye chombo kimoja. Katika Luka sura ya 2, utukufu wa Mungu ulioko mbinguni uko in altissimis. Sura ya 5, Simoni anaambiwa apeleke chombo in altum, kwenye maji ya kina. Katika Yohana sura ya 4, mwanamke Msamaria anamwambia Yesu kwamba kisima ni altus. Watafsiri wa Kiswahili walipofika kwa Msamaria huyo waliandika kirefu, nao hawakuwa wakifuata Kilatini. Walifuata lugha yao. Mwafrika wa pwani na Mrumi wa kale walikutana kwenye ukingo wa kisima bila kujuana.

Pingamizi la kwanza ni kwamba -refu ni pana mno. Ni kweli, na ni lazima kulikubali wazi. Tunasema safari ndefu, hotuba ndefu, kamba ndefu. Kilatini hapo kinatumia longus, na altus haligusi ulalo wala muda wa saa. Mto mrefu kwetu ni mto unaokwenda mbali, na tukitaka altum flumen tunasema mto wenye kina kirefu. Altum silentium ni kimya kizito kilichozama. Kimya kirefu cha Kiswahili ni kimya kilichodumu, na mtu akitafsiri kimoja kwa kingine atakuwa amekosea. Somnus altus ni usingizi mzito, wala si usingizi mrefu. Kwa hiyo sidai kwamba -refu ni altus. Ninachodai ni kwamba -refu linathibitisha kuwa lugha iliyo hai, yenye wasemaji wanaofikiri sawasawa, inaweza kuacha mwelekeo wa wima nje ya kivumishi bila kuvuruga mawasiliano. Hata Kilatini chenyewe kinatoa mguu kuelekea upande wetu kinapofika kwenye kinyume cha altum: maji ya kina kidogo huitwa brevia, yaani mafupi, kama visima vyetu vifupi. Katika kitabu cha kwanza cha Aeneis upepo Eurus unazisukuma merikebu tatu kutoka altum hadi kwenye brevia, kutoka kwenye marefu hadi kwenye mafupi, na Kiswahili hakihitaji kubadilisha chochote kuufuata mstari huo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama Warumi hawakutofautisha juu na chini, kwa nini walikuwa na profundus la kina, na excelsus, celsus na sublimis la juu? Jibu ni kwamba walitofautisha walipotaka, kama sisi tunavyotofautisha kwa kimo na kina. Waraka kwa Warumi unaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Katika sura ya 8, Paulo anapotaja yaliyo juu na yaliyo chini pamoja, Vulgata inaandika altitudo kwa ya juu na profundum kwa ya chini, kwa kuwa vimewekwa ana kwa ana na lazima visichanganywe. Sura tatu mbele, ya 11, Paulo anapostaajabia kina cha hekima ya Mungu, Kigiriki kina neno la kina, lile lile ambalo sura ya 8 lilitafsiriwa profundum, na sasa Vulgata inaandika altitudo. Hakuna kilichobadilika ila kwamba mshindani wake hayupo. Neno lisilo na upande huchukua upande pale tu linapolazimishwa na jirani. Na asidhani mtu kwamba profundus lenyewe limefungwa chini. Limeundwa na fundus, yaani kitako, likimaanisha ambacho kitako chake kiko mbali; lakini katika shairi la 4 la Eclogae, Vergilius analiita anga profundum. Aliyelala chali akatazama usiku usio na mawingu hatamwona mshairi huyo kuwa amekosea.

Je, hapakuwa na utata kabisa? Ulikuwapo, hasa altum linaposimama peke yake kama nomino. Katika kitabu kile kile cha kwanza cha Aeneis, maneno mawili ab alto yanatokea katika mstari wa 110, Eurus anaposukuma merikebu, na katika mstari wa 297, Jupita anapomtuma mjumbe wake. Kwanza ni kutoka baharini, pili ni kutoka mbinguni. Anayesoma haraka anaweza kujikwaa, lakini kinachomwokoa si kamusi, ni kuuliza nani anatoka na anakwenda wapi. Merikebu haziteremki toka angani, na mjumbe wa Jupita hakai majini. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaotafsiri ni kuanza na kivumishi. Inafaa kuanza na nomino, kisha msemaji amesimama wapi, na altus liachwe la mwisho.

Kwa mtafsiri wa Kiswahili, utaratibu huo unazaa majibu tofauti kwa kila mahali. Kwenye kisima, shimo, mlima na mti, -refu linatosha. Kwenye bahari halitoshi, kwa sababu altum la baharini ni kina na ni umbali toka nchi kavu kwa pamoja: mahali ambapo upondo haugusi chini na ufuko umeanza kufifia. Kiswahili cha mabaharia kina neno lake, kilindi, na watafsiri wa Biblia walifanya vyema kumpeleka Simoni kilindini. Bandari ya Mombasa imepewa jina hilo kwa sababu hiyo hiyo: hapo ndipo maji yanapobeba chombo kikubwa. Kwenye nasaba, Vergilius anaposema mtu ametoka katika altus sanguis ya Teucer, damu haiwi ndefu kwa Kiswahili. Ni ukoo wa kale na mtukufu, na hapo mtafsiri atakubali kutumia maneno mawili. Kwenye historia, anayeanza habari altius anaianza mbali, toka chimbuko. Kwenye kinyongo cha Juno, moyoni kabisa au kwenye uvungu wa moyo. Majibu haya mengi hayarudishi hoja ya maana nyingi kwa mlango wa nyuma. Utofauti uko upande wetu, katika vyombo tulivyo navyo vya kuipokea maana moja.

Anayetaka kuona kwamba altus linategemea mahali pa kusimama hana haja ya kwenda mbali kuliko kwaya ya parokia. Wanawake wenye sauti ya chini huimba alto, neno la Kiitaliano lililotoka moja kwa moja kwa altus, na wengi hushangaa wakiambiwa lina maana ya juu. Halikukosewa. Katika muziki wa Ulaya wa karne ya 15, sauti iliyoitwa contratenor iligawanyika mara mbili: contratenor bassus iliyokwenda chini ya tenor, na contratenor altus iliyokwenda juu yake. Walioimba walikuwa wanaume, na kipimo kilikuwa tenor. Baadaye wanawake waliingia, soprano ikawa juu ya zote, na altus ikabaki na jina lake. Ukisimama kwenye tenor ni ya juu. Ukisimama kwenye soprano ni ya chini. Wataalamu wa mimea, kwa upande wao, walipotaka kuusifu mti kwa kimo bila shaka yoyote, mara nyingi walichukua excelsus, lenye maana ya kilichochomoza juu ya wenzake. Mvule ni Milicia excelsa. Mti ulioripotiwa mwaka 2016 kuwa mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, wenye mita 81.5 kwenye mabonde ya Kilimanjaro, ni Entandrophragma excelsum. Si kanuni, maana ipo pia Ailanthus altissima. Lakini excelsus halijawahi kushuka kisimani.

Mti ndio unaolifikisha altus kwenye ukingo wa uwezo wake, na wa -refu pia. Katika kitabu cha pili cha Georgica, Vergilius anamfundisha mkulima kupanda. Mzabibu, anasema, unaweza kuuaminisha kwenye mfuo mwembamba, lakini mti mkubwa hupigiliwa ardhini ukiwa altior. Kisha anautaja mwaloni ambao mizizi yake inashuka kuelekea kuzimu kwa kadiri ile ile kilele chake kinavyopanda angani. Ukiandika kwa Kiswahili kwamba mti hupandwa ukiwa mrefu zaidi, msomaji ataona mche uliokwisha kurefuka, na somo la kilimo limeharibika. Hapa nomino tunayoitegemea, mti, inavuta macho juu wakati mshairi anatupeleka chini, na baada ya mstari mmoja anatupeleka kote kuwili. Mtafsiri anaweza kukiondoa kivumishi kwenye mti na kukiweka kwenye shimo: mzabibu utatosheka na mfuo, lakini mti huu uuchimbie shimo refu. Mkulima atachimba kina kinachotakiwa, na neno -refu litakuwa limeshafika masikioni mwake kabla mwaloni haujaanza kupanda.